Mbegu za Uchagani: Boga katika Historia ya Mlali

Barabara ya Mgeta huachana na ile ya Iringa pale Sangasanga. Inapita Mzumbe, inafika kwetu Mlali, halafu inaanza kuukwea Uluguru kuelekea Langali na Nyandira. Wanaoandika habari za barabara hii huandika kuhusu vinavyoshuka: kabichi, karoti, njegere, koliflawa, na nyanya za kwetu zilizopangwa kwenye matenga juu ya Fuso. Ni haki yao, maana vitu hivyo vimeezeka nyumba bati na kusomesha watoto. Mimi nilifundisha historia shule ya msingi hadi nilipostaafu, na vitabu nilivyofundishia vilitaja katani, pamba, kahawa na karafuu. Boga halikutajwa. Nami nikilitazama jiko la bibi yangu, la mama yangu na langu mwenyewe, naona boga ndilo lililokuwapo kila mara vingine vilipokosekana. Kwa hiyo naliandika.

Sababu ya kuachwa kwake haijifichi. Habari za mazao zimeandikwa zaidi na waliokusanya kodi, waliotoza ushuru na waliopima magunia. Boga lilitambaa nyuma ya nyumba, kwenye lundo la majivu na samadi ya mbuzi, mikononi mwa wanawake, likaliwa pale pale lilipoota. Bwana shamba hakuja kulikagua. Mnunuzi hakuliwekea mizani. Zao lisiloitia serikali hasira wala tamaa haliachi karatasi nyingi, hata kama limelisha watu vizazi na vizazi.

Tena boga ni mgeni, ingawa wa siku nyingi. Asili yake ni Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca huko Mexico, wachimbuaji walikuta mbegu na vikonyo vya maboga yaliyolimwa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla hata mahindi hayajawa mahindi haya tunayoyajua. Baada ya safari ya Columbus ya 1492 boga lilivuka Atlantiki pamoja na mahindi, maharage na mihogo, na meli za Wareno, waliokuwa wakipita pwani yetu tangu 1498, zikafungua njia ya mazao hayo kufika Afrika Mashariki. Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini wana desturi ya kupanda mahindi, maharage na maboga mahali pamoja, na huyaita dada watatu: mahindi yanasimama, maharage yanapanda kwenye bua, maboga yanaitandika ardhi kwa majani yake mapana ili jua lisiikaushe na magugu yasipate nafasi. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilitoka nje kulitazama shamba langu. Mahindi, maharage, maboga, kama alivyopanda bibi, ambaye hakuwahi kusikia habari za Amerika.

Huko Oaxaca mpaka leo wanapika supu waiitayo sopa de guías, ya ncha changa za mmea wa boga pamoja na maua yake na mahindi. Yaani watu waliolifuga boga kabla ya wengine wote wanakula majani yake, nasi tulio upande wa pili wa dunia tunayala vile vile. Sidhani kama kuna aliyetufundisha. Boga lilipofika huku lilikuta jungu limeshainjikwa. Kulikuwa na mung'unye, ambao ni wa Afrika hii hii, ukaliwa ukiwa mchanga, na ndugu yake kibuyu, anayeachwa akomae ili atunze maji, maziwa na mbegu. Kulikuwa na kunde, ambayo majani yake huliwa kabla punje hazijafunga. Usambara na Kilimanjaro kulikuwa na kweme, mtambaazi wa miti mikubwa, mwenye mbegu za mafuta wanazopewa wazazi waliotoka kujifungua. Mwanamke aliyekuwa na ujuzi huo wote hakuhitaji maelekezo alipoliona jani jipya la kutambaa. Alilichuma, akalimenya nyuzi, akalitia jungu.

Kwetu Waluguru ukoo, lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo imekuwa ikirithiwa kwa njia hiyo. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliotoa kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, walilieleza jambo hilo kwa kirefu, kwa sababu bila kulielewa huwezi kuelewa kwa nini milima hii iligombana na serikali. Wao walitazama ardhi. Mimi naongeza mbegu. Katika nyumba yetu mbegu za maboga zilipita kwa akina mama: bibi mzaa mama alizipata kwa mama yake, aliyeshuka nazo kutoka upande wa Kikeo, juu milimani. Zilipakwa jivu, zikatiwa ndani ya kibuyu, kibuyu kikatundikwa uchagani juu ya mafiga ili moshi uzuie wadudu. Baba yangu, aliyejua kila jiwe la shamba lake la mahindi, asingeweza kukuambia tulikuwa na mbegu za namna ngapi. Mama angeweza kukuambia gizani, kwa kuzipapasa.

Namna zenyewe zilikuwa tatu, na bado ninazo. Moja ni la kijivu, kubwa, lenye ngozi ngumu na nyama kavu yenye unga. Hilo ni la kuweka. La pili ni la kijani lenye mabaka, refu kidogo, tamu likiwa bado changa. La tatu ni dogo la rangi ya chungwa, halina sifa kubwa kwa nyama, ila majani yake ni laini kuliko ya wenzake, na bibi alilipanda kwa ajili ya majani tu.

Misafara ya karne ya 19 naipita upesi, kwa kuwa njia yake kuu ilikuwa kaskazini yetu, kutoka Bagamoyo hadi mji wenye ukuta wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo mahali ulipo mji wa Morogoro, kisha kuvuka mbuga ya Mkata. Msafiri Stanley aliuona mji huo mwaka 1871. Aliporudi mwaka uliofuata aliukuta umebomolewa na mafuriko. Watu wa vilima hivi waliuza chakula kwa misafara na kupata nguo. Reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro mwaka 1907, biashara hiyo ya njiani ikakatika.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndivyo vinavyotuhusu sana hapa Mlali. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakiwasukuma Wajerumani kusini. Watu hudhani vita hivyo vilikuwa vya Taveta na Tanga, kumbe tarehe 24 Agosti wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali Enslin, waliingia Mlali hii hii, palipokuwa na ghala la Wajerumani. Kikosi cha Kijerumani cha Kapteni Otto kikapigana nao kwenye vilima tunavyoviona tukiwa uani. Siku mbili baadaye Smuts aliingia Morogoro, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawa anarudi nyuma kupitia milimani kuelekea Kisaki, ambako walipigana tena Septemba. Upande wa kusini, Mto Mgeta ulitenganisha majeshi hayo hadi Januari 1917. Kila jeshi lilikuwa na wapagazi kwa maelfu, na wote hao, askari, wapagazi, maofisa, walikula kilichokuwa katika vihenge vya watu.

Mama yake bibi alikuwa msichana wakati huo. Hadithi aliyoiacha nyumbani haina majenerali. Inasema kihenge kilimwagwa chote, mahindi na mtama, mbuzi wakaongozwa, maboga yaliyokuwa darini yakabebwa mikononi na watu waliokuwa wakicheka. Kibuyu cha mbegu hakikuguswa. Nani atapora kibuyu cheusi kwa masizi kilichotundikwa juu ya moto? Mvua za vuli zilipoanza, wanawake walipanda mahindi machache waliyoyapata na maboga mengi.

Hapo ndipo napenda msomaji atulie kidogo, kwa kuwa ndiyo siri ya mmea huu. Mahindi yanataka miezi mitatu hadi minne kabla hayajakupa kitu. Boga likipandwa ardhi ikiwa na unyevu huota ndani ya wiki moja, na baada ya wiki nne au tano unaanza kuchuma ncha. Ukichuma kwa adabu, bila kulimaliza shina, linatoa matawi mengine na kukupa tena. Kisha maua. Kisha maboga machanga, kisha yaliyokomaa, ambayo yakihifadhiwa vizuri yanakaa miezi mingi. Ni mmea mmoja unaoliwa tangu mwanzo wa mvua hadi karibu na mvua nyingine. Kwa watu ambao kihenge chao kimemwagwa, wiki tano na miezi minne ni tofauti ya kuzika na kutozika. Katika hadithi ya nyumbani, vuli ile ndugu zetu walikula majani ya maboga asubuhi na jioni, bila chumvi, na hakuna mtoto wa nyumba hiyo aliyekufa kwa njaa.

Mzozo uliofuata ulikuwa wa matuta. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Milima ilikuwa inamomonyoka, hilo lilikuwa kweli, na maji ya Mto Ruvu yanatoka huku. Dawa waliyoileta ilikuwa kuwalazimisha watu kuchimba ngazi kwenye miteremko, kukataza kuchoma mashamba, na kuwatoza faini waliokaidi. Mama yangu alichimba. Alisema jembe lilikuwa likifukua udongo mwekundu wa chini na kuuweka juu, na udongo mweusi, uliotengenezwa na majani yaliyooza miaka yote, ukafukiwa. Mahindi yaliyopandwa juu ya ngazi mpya yalitoka manjano. Wataalamu wa baadaye walikiri kwamba kwenye miteremko yenye udongo mwembamba kazi ile ilileta hasara. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki, kuukataa mpango. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukavunjika. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ilipata wanachama wengi milimani kutokana na hasira ile.

Huwa nawaza kwamba ofisa mmoja tu angekaa jikoni kwa mama na kuuliza shamba lake halimomonyoki kwa nini, angejibiwa. Jani la boga ni pana kuliko sahani. Shamba la mahindi lililotandikwa maboga linapokea mvua ya masika bila tone kuupiga udongo moja kwa moja, na mizizi inayotoka kwenye vifundo vya mtambaazi inaushika pale pale. Sisemi maboga yangetosha kuuokoa Uluguru wote. Kwenye mteremko mkali yanahitaji msaada wa miti na mawe. Nasema elimu ya kuutunza udongo ilikuwapo tayari, mikononi mwa watu wasioulizwa.

Haki niitendee Mgeta: kule juu, penye maji ya mifereji na ubaridi, ngazi zilikubalika, kwa sababu zilibeba mboga za Kizungu. Wamisionari na Wajerumani walizileta mwanzo, na kwa muda mrefu zililimwa ili ziliwe na wengine, mjini Morogoro na Dar es Salaam. Ujuzi wa wakulima wa Mgeta katika kabichi na njegere ni wa kuheshimiwa sana. Ila hata leo ukialikwa chakula Nyandira, kabichi ikiwa imejaa uani ikingoja gari, mama mwenye nyumba anaweza kukupa ugali na majani ya maboga, na atakuwa amekupa kilicho bora.

Nilianza kufundisha wakati wa UPE, baada ya 1977, tulipoambiwa kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe. Darasa lilijaa hadi madirishani. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuwa umepita, na kile Kilimo cha Kufa na Kupona tulikikumbuka vizuri. Kisha vikaja vita vya Kagera, na miaka ya mwanzo ya 1980 maduka yakabaki na rafu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali. Ndipo tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, unga ambao nchi nzima iliuita unga wa Yanga. Watoto waliukataa kwa harufu. Shule yetu, kwa Elimu ya Kujitegemea, ilikuwa na shamba. Mwalimu mkuu alitaka mahindi na pamba. Niliomba kipande kando ya mfereji kwa ajili ya maboga, nikapewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Mbegu zilitoka kwenye kibuyu cha mama. Tulichemsha maboga ya kijivu, tukayaponda, tukayakoroga ndani ya uji wa ule unga wa manjano. Rangi ikakolea, utamu ukaingia, harufu ikafa. Watoto waliokuwa wakimwaga uji chini ya mwembe wakaanza kurudi na vikombe. Katika kazi yangu yote ya ualimu hakuna nililolifanya ambalo nalikumbuka kwa furaha kama hilo.

Sasa niseme vinavyopikwa, kwa sababu historia ya chakula bila jungu ni nusu.

Masika yakianza Machi, mboga ya kwanza ni mchicha unaojiotea na majani ya kunde. Aprili yanaingia majani ya maboga. Yachume asubuhi umande ukikauka, kuanzia ncha hadi jani la tatu, yasizidi hapo. Vunja kikonyo cha jani, vuta uzi hadi utoke na ngozi nyembamba ya chini. Asiyemenya nyuzi anapika kamba. Yafikiche kwa viganja viwili ili ukwaru ulainike, yakatekate, yatie kwenye maji kidogo yanayochemka, na usifunike sana yasipoteze kijani chake. Kitunguu, nyanya moja. Karanga zilizotwangwa ziungwe mwishoni, moto mdogo, ukikoroga taratibu mpaka mafuta yatokeze juu. Wengi wanaunga kwa nazi, na mwenye nazi aunge. Mimi nimelelewa kwa karanga, na naona karanga inaliheshimu jani zaidi.

Mei maua yanafunguka. Ua dume huja mbele, limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike huchelewa siku kadhaa, nalo unalitambua kwa kiboga kidogo kilichojikunja nyuma yake. Chuma dume na uache machache kwa ajili ya nyuki, jike usiliguse. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake, na jikoni kwetu neno hilo hutiiwa kama lilivyo: maua hupikwa pamoja na majani, yanatia uteute mzuri unaoshikana na ugali wa dona.

Juni na Julai, mabua ya mahindi yakikauka, maboga yanaonekana yamelala peke yake shambani. Lililokomaa ukucha hauingii kwenye ngozi yake, na kikonyo kimekauka kama kuni. Likate na kikonyo chake, urefu wa vidole vinne. Likinyofoka pale juu litaoza kabla ya wenzake. Lianikwe juani siku chache, kisha liwekwe juu ya mbao, mahali pakavu penye hewa, maboga yasigusane. Likichemshwa chukuchuku na ngozi yake, kwa maji yasiyofika hata nusu ya sufuria, jani la mgomba likiwa limefunika juu, ndiyo chai yetu ya asubuhi wakati wa kipupwe. Likiungwa kwa tui zito na iliki ni futari, na mwezi wa Ramadhani ukiangukia msimu huo, jirani zangu Waislamu hawanunui futari kwingine. Mbegu zake huoshwa, hukaushwa, hukaangwa bila mafuta. Zikitwangwa zinaunga mboga siku karanga zimeadimika. Agosti na Septemba ni mbaazi pamoja na boga la akiba. Kufikia Novemba boga la mwisho linakatwa, maembe yanaanza, na mashimo mapya yanachimbwa.

Shimo lenyewe liwe la upana wa ndoo, samadi iliyooza na udongo wa juu vichanganywe, mbegu tatu, ukizilaza ubavu. Zikiota acha mbili. Mimi huacha nafasi ya hatua tatu kubwa kati ya shimo na shimo, nikipanda ndani ya mahindi. Adui wa kwanza ni inzi wa matunda, anayetaga ndani ya kiboga kichanga. Kinaoza kuanzia kitobo kidogo. Ninafunga viboga kwa makaratasi au majani makavu mpaka ngozi igangamale, na vilivyodondoka nazika chini kabisa. Mwishoni mwa masika huja ubwiri unga, ule weupe juu ya majani. Hapo boga limeshafunga, sihangaiki nalo. Na likitokea boga chungu, tupa lote. Uchungu ule ni sumu ya asili ya jamii hii ya mimea, hauondoki kwa kupika.

Adui mkubwa wa siku hizi ni mwingine. Mlali ni nchi ya nyanya. Nyanya hupigwa dawa, na dawa nyingi hupigwa asubuhi, saa ambazo maua ya maboga yako wazi. Yanafunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamefunga. Nyuki akifa kwenye nyanya hafiki kwenye boga. Nimeona mashamba yenye maua ya kupendeza na viboga vinavyonyauka na kudondoka vyote, mwenye shamba akilaumu mbegu. Nimewaomba majirani wapige dawa jioni, nyuki wakisharudi. Wengine wamekubali, na tofauti imeonekana msimu ule ule. Wapo pia waliojifunza kilimo bila dawa kali kwenye kituo cha SAT pale Vianzi, si mbali na sisi, na vijana hao ninawategemea kuliko ninavyotegemea mabango ya kampuni za mbegu.

Bei nayo imebadilika. Nilipokuwa msichana kuuza boga ilikuwa karibu na aibu, kitu cha kumpa jirani. Leo wanawake wa hapa wanafunga majani mafungu alfajiri, yanafika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro yakiwa bado na ubichi, na maboga yanapangwa barabarani Sangasanga yakisubiri magari ya Iringa. Sina kinyongo na hilo. Fedha ya majani inaingia kila wiki, mkononi mwa mwanamke, wakati fedha ya nyanya huja kwa mkupuo mmoja baada ya dalali kushika chake, au haiji kabisa bei ikianguka. Ninachokihofia ni mbegu. Soko linapenda maboga madogo ya umbo la chupa, na mbegu zake hununuliwa dukani kila msimu. Nyuki habagui: maboga mawili ya jamii moja yakichanua jirani, mbegu zitakazotoka ni chotara, na baada ya misimu michache la kijivu la bibi linakuwa si la kijivu tena.

Kwa hiyo nafanya kazi ya nyuki mimi mwenyewe. Jioni natafuta ua jike litakalofunguka kesho, lenye ncha iliyoanza unjano, nalifunga kwa uzi wa pamba. Dume la namna ile ile nalo nalifunga. Alfajiri nalikata dume, nalichana petali, nasugua chavua yake ndani ya jike, kisha nalifunga tena hadi linyauke. Boga litakalotokea nalifunga utambaa mwekundu, na wajukuu wanajua halipikwi hata waje wageni. Linakaa mwezi mzima baada ya kuvunwa ndipo nalipasua kutoa mbegu, maana mbegu huendelea kushiba ndani yake.

Mwaka huu nilipata matatu ya utambaa mwekundu, moja la kila namna. Mbegu ni nyingi kuliko shamba langu. Mama yeyote wa Mlali, Kipera au Mgeta anayetaka kuanza, aje kabla ya masika, aseme tu kama anataka la kuweka akiba, la kula changa au la majani, nami nitampimia. Silipishi. Namwomba arudishe kiasi kile kile baada ya mavuno, na kabla ya kupanda apite kwa majirani wake wote kuuliza wamepanda boga gani.